Taa Nyuma ya Nepi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelipata kwa nusu bei kwa sababu kona ya jalada imeliwa na maji. Ndani ni jipya kabisa. Watu wanapenda jalada, mimi napenda ndani. Dada amesema niwe naandika, mwandiko wangu usije ukapotea hata huo kidogo niliotoka nao shuleni. Mimi na shule tuliachana kwa amani. Dada anasema hakuna cha amani, mimi ndiye niliyeachwa.

Haya, tuanze na sifa zangu. Mimi ni Mfalme wa Vibandiko. Pale kwenye supamaketi ya bei ya chini, kila Alhamisi asubuhi wanabandika vibandiko vya njano vya nusu bei kwenye vitu vilivyochoka kukaa, halafu wanavimwaga kwenye kapu la chuma katikati ya duka. Taa za baiskeli, pawabenki, waya za chaji. Wengine wanaingia wakitafuta mkate, mimi nakwenda moja kwa moja kapuni. Nikitoka nawauzia wasambaza mkate wa bekari ya nyuma ya mtaa wetu, wale wanaotoka na baiskeli kungali giza. Tangu nianze sijawahi kununua kitu kwa bei kamili. Sijawahi! Nikifa waandike hivyo kaburini.

Mawingu yamekaa vibaya tangu mchana. Dada anasema msimu umefika.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa wa kwanza getini. Keshia alipandisha geti, akanitazama miguu.

"Mfalme, viatu vyako havijuani."

Nikatazama. Kweli, kila kimoja na ukoo wake.

"Fasheni," nikamwambia.

"Fasheni ya kukimbilia nusu bei. Pita, kapu lako linakusubiri, bwana harusi."

Nimepata taa ndogo za mbele, karibu zote zilizokuwemo, na pawabenki mbili nzito kama tofali. Kufika jioni wasambaza mkate wamemaliza taa zote. Imebaki pawabenki moja.

Dada alirudi kazini akakuta naimba. Yeye yuko kwenye dobi la hospitali, wanapofua shuka za wodi, zamu ya alfajiri. Anatoka hapa saa kumi na moja kasoro, kwa baiskeli, na baiskeli yake haina taa. Taa za barabarani zenyewe zinaishia darajani.

"Na yangu iko wapi?" akauliza.

"Yako inakuja. Hizi ni za watu tu, Dada. Wewe nakutafutia ya maana."

"Ya maana ni ile inayowaka, mdogo wangu."

Anajua kuongea huyu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Nimeshinda ndani na Kadogo, mtoto wa Dada. Amenishinda karata, ila anaiba.

Jumanne, 11 Machi

Nimeiona taa ya Dada!

Iko kwenye rafu ya vifaa vya baiskeli, ndani ya boksi lenye dirisha. Ya mbele na ya nyuma pamoja, ina mpira wa kuzuia maji kwenye tundu la chaji, na mkanda unaoshika usukani kama mtoto aliyekatazwa asiachie mkono. Zimebaki mbili. Bei yake ni kamili, na kamili kwelikweli.

Hapa ndipo mtu wa kawaida angelia au angelipa. Mimi nina njia yangu. Kitu kizuri kikiwa bado ghali, unakihamisha. Unakitoa kwenye rafu yake unakiweka mahali ambapo mteja hafiki, kisha unasubiri. Duka litashusha bei tu, maana msimu ukipita hawataki kukiona. Na bei ikishushwa, mashine inaishusha kwa zote, hata iliyojificha. Nimeziweka zote mbili nyuma ya nepi za watu wazima, rafu ya chini kabisa. Pale watu wanapita haraka wakitazama pembeni, wasije wakaonekana.

Moja ya Dada, moja ya biashara. Nani kama mimi?

Alhamisi, 13 Machi

Kuna kile kimashine cha kuangalia bei ukutani. Nimetoa boksi moja kule nyuma ya nepi, nikalipitisha. Tii! Bei ileile. Nimelirudisha likalale.

Mvua ilinyesha mpaka adhuhuri.

Jumatano, 19 Machi

Leo Dada amerudi na habari, na amezieleza amesimama, hajavua hata koti.

Msimamizi wa zamu ya mchana ana mimba kubwa na amesema akijifungua harudi tena. Yule mama mkuu wa dobi, wanamwita Bi Mkubwa, anataka mtu wa kushika funguo. Anawafikiria wawili: Dada, na mwenzake mmoja mwenye miwani.

"Ameniita ofisini," Dada akasema, "akaniambia, siku huyu mwenzetu akishikwa uchungu, nitakupigia wewe kwanza. Popote ulipo uje. Usipopatikana nampigia mwenye miwani, maana shuka za wodi hazisubiri mtu."

"Zamu ya mchana inaanza saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa mbili na nusu."

Kadogo alikuwa chini ya meza na mdoli wake. Akatoa kichwa. "Asubuhi utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Utanipeleka shule wewe? Siyo Mjomba?"

"Muhula ujao nitakupeleka mimi, Mungu akipenda."

Kadogo akaruka mpaka akagonga kichwa mezani. Mimi nikajifanya nimenuna, eti nimeachishwa kazi bila notisi. Kumbe nilifurahi. Kumpeleka yule mtoto shule ni adhabu, anasimama kwenye kila dimbwi kujitazama.

Alhamisi, 20 Machi

Tii. Bei ileile. Keshia ameniuliza nina mgonjwa gani nyumbani, kila wiki naonekana kwenye nepi. Nimemwambia ni za kwangu. Amecheka mpaka mteja akalalamika.

Jumanne, 25 Machi

Mvua usiku kucha. Paa linavuja pale juu ya kiatu changu tu. Kiatu kimoja.

Alhamisi, 27 Machi

Tii. Ileile. Nimeanza kukichukia kimashine.

Jumatano, 2 Aprili

Dada ameanguka. Ni baada ya daraja, kwenye shimo lililojaa maji, hakuliona. Goti limechubuka na kiganja cha kushoto kimevimba. Alifika kazini hivyohivyo, akapiga pasi shuka zamu nzima.

Nilimwekea maji ya uvuguvugu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ile taa ya maana, mdogo wangu, inatoka nchi gani? Inakuja kwa miguu?"

"Wiki hii, Dada. Nakuapia."

"Usiape. Lete."

Alhamisi, 3 Aprili

Tii.

Sitaki hata kuandika.

Ningeweza kulipa. Hela ya wasambaza mkate ilikuwa mfukoni. Nililishika lile boksi, nikafika mpaka karibu na keshia, nikaona wasambaza mkate wawili, wateja wangu, wako kwenye foleni na soda zao. Nikafikiria watakavyonicheka: Mfalme wa Vibandiko kalipa bei kamili! Nikarudi nyuma ya nepi kama mwizi anayerudisha mali.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku ya leo ni mbaya.

Dada alikawia kurudi. Alipofika alikuwa amelowa, akakaa kitini akivua soksi.

"Nimepita kule supamaketi kwako," akasema. "Nimeona nisikusumbue, nijinunulie taa mwenyewe kwa bei yao. Rafu tupu. Nimemuuliza yule keshia mchangamfu, akaangalia kwenye kompyuta akasema inaonyesha zipo mbili, ila dukani hazionekani. Amenizungusha duka zima, maskini. Kaniambia labda zimeibwa. Zimeisha, mdogo wangu. Ndiyo bahati yangu."

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nakunja waya za chaji. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, maneno yapo kwenye ulimi: Dada, hazijaisha, ziko nyuma ya nepi, twende sasa hivi. Duka lilikuwa bado halijafungwa.

Nikasema, "Pole, Dada."

Nilijiambia atachukia. Nilijiambia Alhamisi ijayo hakika bei itashuka, nimletee, afurahi, na hayo mengine yafe. Nikaona heri nimpe kitu cha kumfunga mdomo. Yaani mdomo wangu, siyo wake.

"Lakini usiwe na wasiwasi," nikasema. "Nina akili mpya."

Nikachukua simu yake, nikaifunga kwenye usukani kwa mpira wa tairi, tochi ikitazama mbele. Ile pawabenki iliyobaki nikaifunga chini ya kiti, waya ukapita kwenye chuma hadi kwenye simu, ili tochi isimalize chaji. Juu nikavisha mfuko wa nailoni. Nikazima taa ya chumba tujaribu. Ukuta mzima ukang'aa! Kadogo akapiga makofi. Dada mwenyewe akatabasamu, akanishika kichwa, akasema, "Ungebaki shuleni wewe."

Nilipokea hiyo sifa. Niliipokea yote.

Jumanne, 8 Aprili

Mtambo wangu unafanya kazi. Dada anasema anaona mashimo yote, mpaka na vyura wake. Wasambaza mkate wameusikia, wanataka niwafungie na wao.

Alhamisi, 10 Aprili

Tii. Ileile. Leo sikumwangalia keshia usoni. Yeye ndiye aliyezunguka duka zima na Dada.

Jumatatu, 14 Aprili

Msimamizi mwenye mimba bado yupo, anatembea ameshika kiuno. Dada anasema ni siku yoyote sasa. Simu yake haiachi, anaingia nayo hata bafuni.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika polepole ili niyaseme kama yalivyotokea.

Alfajiri ilinyesha mvua ya upepo, ile inayopiga kutoka pembeni. Mfuko wa nailoni haukuzuia kitu, maji yaliingia kwenye tundu la waya. Dada alisukuma baiskeli kwa mkono kuanzia darajani. Aliporudi mchana simu ilikuwa imekufa, kioo cheusi, ukiitikisa inatoa machozi. Tukaizika kwenye bakuli la mchele. Kadogo akauliza itapikwa lini.

Dada akanigeukia. "Nipe simu yako niweke laini yangu. Bi Mkubwa akipiga asinikose."

Na mimi nilikuwa navaa viatu. Asubuhi mvua ilikuwa imenifungia ndani, sijakwenda dukani, na leo ni Alhamisi. Wasambaza mkate watatu walikuwa wamesema watanipigia wanione.

"Jioni, Dada. Leo nina wateja."

"Nipe hata saa moja tu."

"Jioni! Kwani kwa huu mchana mmoja mtu atazaa?"

Nilisema hivyo. Nimeyaandika kama yalivyotoka.

Nikaenda. Nyuma ya nepi, boksi, kimashine. Tii! Nusu bei! Nilipiga kelele, mlinzi wa duka akaja. Nilichukua zote mbili. Keshia aliyageuza yale maboksi, akasema, "Kumbe zipo," akabandika kila moja kibandiko cha njano, akayapitisha bila utani wowote. Ningepaswa kujua hapohapo kwamba utani umekwisha. Lakini nilikuwa mfalme. Nimerudi njia nzima naimba, nikapitia na bekari kujisifu.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Nikaweka boksi mezani na madoido yote. "Nani kama mimi?"

Dada hakulitazama. Alinyoosha mkono. "Simu."

Nikampa. Akatoa laini yangu, akaweka yake, akawasha. Tukangoja. Halafu ujumbe ukaanza kuingia, mmoja mmoja, kila mmoja na mlio wake. Bi Mkubwa alikupigia. Bi Mkubwa alikupigia. Mwenye miwani naye alikuwa amempigia, nadhani kwa kumwonea Dada huruma. Wa mwisho ni wa Bi Mkubwa, ameuandika mwenyewe: Kajifungua mtoto wa kiume. Nimekutafuta mwanangu sijakupata. Nimempa mwenzako funguo.

Dada aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena amekaa.

"Ni mtoto wa kiume," akasema.

Basi. Akaenda kuwasha jiko. Mimi nikabaki na lile boksi mezani, kibandiko cha njano juu yake, nusu bei.

Ijumaa, 18 Aprili

Amekwenda kazini na ile taa. Inawaka vizuri sana. Heri ingekuwa mbovu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekwenda dobi mwenyewe. Sijamwambia Dada.

Kule ndani ni mvuke mtupu, na mashine kubwa zenye milango ya duara. Bi Mkubwa ni mama mfupi mwenye mikono mipana. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mdogo wake fulani na simu ilikuwa kosa langu. Nikamweleza habari ya tochi, pawabenki, na laini niliyoikatalia.

Alinisikiliza huku akikunja shuka. Hakuacha kukunja.

"Mwanangu," akasema, "siku ile nilikuwa na wodi mbili hazina shuka. Mwenzake alifika na kandambili, tope hadi magotini, hajala. Nimwambie leo arudishe funguo kwa sababu we umekuja kulia?"

"Sijalia, Bi Mkubwa."

"Utalia." Akanipa ncha mbili za shuka nishike, tukaikunja pamoja. "Dada yako ni mtu wa kazi. Nilimtaka yeye. Lakini kwenye zamu simuweki mtu ninayemtaka, namuweka aliyefika."

Mwenye miwani alipita na zile funguo kiunoni. Alinisalimia vizuri. Nilitamani awe mtu mbaya, ila si mbaya.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua ndogo. Sijaenda bekari.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijaenda dukani. Alhamisi ya kwanza tangu nianze.

Jumapili, 27 Aprili

Msambaza mkate mmoja alikuja hadi mlangoni. Anataka lile boksi la pili, ameongeza hela. Dada alikuwepo, anachambua maharage.

"Zimeisha," nikamwambia yule jamaa.

Boksi lilikuwa chini ya kitanda na Dada anajua. Alipoondoka, Dada akaniuliza mbona nimemdanganya mteja, mimi ninayeweza kuuza hata kivuli changu. Na lile neno, zimeisha, lilikuwa bado limenikaa kooni. Ndilo alilolisema yeye siku ile akivua soksi.

Nikamwambia. Nilianzia rafu ya baiskeli, nikaja kwenye nepi.

"Nepi za watu wazima?" akasema, akacheka. Kweli alicheka, mpaka maharage yakamwagika. "Jamani! Mimi na yule keshia wa watu tumepita palepale!"

Na mimi nikacheka. Nilidhani tumepona.

Akaokota maharage. Katikati ya kuokota akasimamisha mkono.

"Siku ile nimerudi nimelowa, nakwambia zimeisha. Wewe ulikuwa wapi?"

Alijua nilipokuwa. Alitaka niseme.

"Hapa hapa kitandani."

"Na duka?"

"Lilikuwa halijafungwa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na jambo. Amemaliza kuokota, moja moja, hata lile lililoingia chini ya kabati.

Nilichukua ufagio nikafagia pasipo na kitu.

Jumatano, 30 Aprili

Jana nimeliuza boksi la pili. Kwa bei niliyonunulia, sikuongeza kitu. Yule jamaa aliligeuzageuza akitafuta ubovu. Hela hiyo, na yote niliyokuwa nayo, nimempelekea fundi wa simu. Leo amenijibu simu ya Dada haiponi, maji yamefika mbali. Nimempa Dada simu yangu. Alisema ahsante. Anasema ahsante kwa kila kitu siku hizi, kama mgeni.

Jumamosi, 3 Mei

Jua siku nzima. Mashimo yote barabarani yanaonekana sasa, hata bila taa.

Jumatatu, 5 Mei

Muhula umeanza. Dada aliondoka gizani kama kawaida. Mimi nimeamka kumpeleka Kadogo. Nimemsuka vibaya, upande mmoja umesimama. Hakulalamika, na yule hulalamikia hata kivuli.

Tulipofika nje ya mlango akasimama.

"Mama alisema muhula huu ananipeleka yeye."

"Alisema."

"Amesahau?"

"Hajasahau. Amekwenda kazini."

"Nani alimwambia aende asubuhi?"

Nilitafuta utani. Ningeweza kumwambia mama yake amekwenda kuwaamsha madaktari, hizo ndizo kazi zangu. Sikuona wa kutosha.

"Ni mimi, Kadogo. Nilimkosesha."

Alinitazama, anafikiri. Hajui maana yake, ila aliona kwamba sitanii. Akanipa mkono wake, siyo mfuko wa madaftari kama siku zote.

"Basi tutembee polepole," akasema. "Akimaliza mapema atatukuta njiani."

Sikumwambia kwamba zamu inaisha mchana. Tulitembea polepole. Watoto wote walitupita, na wa mwisho wao, na hata muuza maandazi wa mtaani. Kila tulipofika kona alinivuta tugeuke tutazame nyuma, na mimi niligeuka, nikatazama. Kengele imelia sisi bado tuko nje ya geti.